Kumi Juu ya Kumi

Shuleni sikupata kumi hata mara moja.
Hesabu, nne. Uraia, sita,
na hiyo sita mwalimu alinihurumia.
Leo nesi Nachundu ameinama kando ya kitanda:
Somoe, kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi?
Nikasema kumi.
Akaandika. Hakuniambia jikaze.

Ni Julai, Newala, na baridi ya huku juu
inaingia blanketini kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba.
Mifupa yangu inaijua. Tangu nina meno ya utoto
chembe za damu yangu hujikunja mundu, hukwama njiani,
na zinapokwama panapigwa nyundo.
Safari hii ni nyonga, mgongo, paja la kushoto,
na tumboni yumo mtu wa wiki thelathini
anajigeuza tu, hajui kama nyumba inaungua.

Nyumbani mama mkwe alinikanda kwa maji moto,
mikono yake inanuka salfa ya mikorosho.
Shemeji Chihamba akaleta diklo,
zile anazomeza yeye akitoka kupiga dawa shambani.
Nusu tu, shemeji, nusu haidhuru.
Ilikuwa imeshafika ulimini
nilipomwona Nachundu, mwezi wa tano, kliniki,
akigonga kadi yangu kwa kalamu:
hizi za viungo, diklo na ndugu zake,
mimba ikishavuka nusu, hapana.
Zinaweza kuubana mshipa ulio jirani na moyo wa mtoto,
anaoutegemea kabla hajavuta pumzi yake ya kwanza.
Nikaitema kiganjani.
Panadol ilinishusha mpaka saba,
saa sita usiku ikachoka, ikakaa chini.
Mfaume akaenda kugonga dirisha la mwenye bajaji.

Daktari ni kijana, sauti ya chini.
Akasema: mofini.
Hata mama wa kitanda cha tatu akaacha kukohoa.
Kwetu mofini ni dawa ya kusindikiza.
Shangazi aliinywa wiki mbili, ya tatu tukachimba.
Mama mkwe akauliza kwa niaba ya wodi nzima:
Atanizalia teja?

Daktari hakucheka. Akavuta kigoda.
Mama, maumivu nayo si maziwa.
Mtu akiachwa hivi halali, hali, anapumua juu juu,
na mtoto anakula meza hiyo hiyo.
Tutampimia sisi, kidogo, kwa saa,
huku tukihesabu pumzi zake.
Mtoto akizaliwa tutamkalia macho:
akisinzia mno, akitetemeka, tutajua kwa nini
na tutajua la kufanya.
Sikusema haina hatari.
Nasema ni hatari tunayoiona.

Nane.
Sita, adhana ikilia.
Kwenye nne nikalia mimi, jambo ambalo kumi ilininyima.

Wakaniruhusu siku ya tano, na daftari la kurasa arobaini:
tarehe, saa, namba, nimekunywa nini.
Na maji, lita tatu kwa siku.
Lita tatu ni rahisi kuandika.
Huku juu tunanunua maji kwa ndoo,
na Mfaume amebeba madumu mpaka bega limeota sugu.
Nakunywa yote. Sioshi kikombe.
Hakuna aliyenionya kuwa dawa ile hufunga choo,
nimekula mapapai ya majirani watatu.
Hilo nalo nimeliandika.

Siku hizi mama mkwe hanisalimii umeamkaje.
Anasimama mlangoni: Leo ngapi?
Mbili, mama.
Jana hakuondoka. Akashika fremu ya mlango,
akatazama chini, miguuni pake.
Mimi goti hili, akasema, saba.
Tangu mwaka ule wa njaa, saba.

Nikafungua ukurasa mpya.
Nikamwuliza jina lake kamili.