Sifuri za Herminda

Bwana Evaristo hapendi sifuri.
Zinamkera, asema, kama changarawe kwenye wali.
"Lisafishe hilo jedwali," akaniambia Ijumaa, koti begani,
"Jumatatu wageni wa Santiago wanakuja,
wasikute ukurasa mzima unapiga miayo."

Akaenda zake.
Nikabaki na Iquique dirishani,
ukungu wa bahari ukipanda mlima
bila kuacha hata tone,
na mvua ya miaka kumi na tisa
ya kituo kimoja huko ndani jangwani:
sifuri, sifuri, sifuri,
nukta tatu, siku moja ya Julai,
kisha sifuri tena hadi macho yachoke.

Kazi yenyewe si ngumu.
Unafungua muundo wa namba,
unaacha pengo baina ya nukta-mkato mbili,
sifuri zinayeyuka
kama chumvi kwenye mchuzi:
zimo, hazionekani.

Kulikuwa na wastani wa miezi mitatu uliopiga yowe,
alama ya reli mbele, mshangao nyuma,
kwamba haugawiki.
Nikauziba mdomo kwa fomula:
ukikosea, nyamaza.
Ukanyamaza.

Na grafu, iliyokuwa imelala sakafuni
kama mbwa aliyeshindwa na joto,
nikaifundisha kuruka mapengo.
Vikabaki vilima kumi na kimoja vya buluu.
Mtu angedhani kwetu hunyesha.

Nilikuwa nazima taa
nilipokumbuka ile miezi mitatu.
Mbona wastani ulilia hapo tu?
Sifuri hujumlishika. Sifuri hugawika.
Thelathini za sifuri, ukizigawa kwa thelathini,
hukupa sifuri, kwa adabu, bila zogo.
Kinachogoma ni kugawa pasipo na siku.

Nikafungua picha za daftari la kituo.
Mwandiko wa Herminda Choque, mpima mvua,
herufi zimeegemea kushoto, upepo umezisukuma:
*Machi 4. Nimekwenda. Hakuna.*
*Machi 5. Nimekwenda. Vumbi ndani ya kopo. Hakuna.*
*Machi 6. Nimekwenda. Hakuna.*
Kila siku saa mbili asubuhi,
kilomita mbili kwenda, mbili kurudi,
kuchungulia kopo la bati.

Halafu Juni, mwandiko mwingine, wa haraka:
*Mama amelazwa Arica. Hakuna aliyekwenda.*
Mpaka mwisho wa Agosti, kurasa tupu.

Kumbe kuna hakuna na hakuna.
Kuna hakuna ya aliyekwenda akatazama,
na kuna hakuna ya njia isiyokanyagwa.
Na mimi, kwa vidole vyangu hivi,
saa kumi na moja jioni, nikiwahi basi,
nimezipaka zote chokaa moja.

Basi likanipita.
Nikarudi nyuma hatua kwa hatua,
nikazifukua moja baada ya nyingine, hata zikatimia
elfu sita mia nane thelathini na saba.
Skrini ikajaa vile vimacho vya mviringo
vikinitazama bila kinyongo.
Mstari wa grafu nikaurudisha sakafuni alale,
isipokuwa miezi ile mitatu: hapo nikaukata.
Yowe la wastani sikulirudisha, lakini
mahali pake nikaandika maneno ya mwanawe,
kwa rangi ya kijivu.

Jumatatu Bwana Evaristo alinikazia jicho
ambalo bado ninalo mgongoni.
Wageni walipitisha kurasa, kahawa ikapoa.
Kisha mmoja, mama mwenye miwani ya kamba,
akaweka kidole penye mstari uliokatika,
hakugusa kilima hata kimoja,
akauliza: "Hapa, huyu mtu alipatwa na nini?"

Nikaenda kuleta daftari.