Vitufe Viwili

Bando la usiku huanza saa sita.
Nalitegea kengele kama mla daku,
nashuka kitandani bila kuwasha taa
maana LUKU imebaki uniti nne
na Shekue ana zamu ya alfajiri kiwandani.

Gigabaiti tatu na ushei.
Barabara ya Kumi na Tatu imelala,
isipokuwa muuza mikate na mnyororo wa baiskeli yake unaolilia mafuta,
na mstari wa kijani unaotambaa kwenye kioo:
thelathini, thelathini na moja,
thelathini na moja,
thelathini na moja.

Ni Linux ya majaribio, haijaiva.
Kesho litatoka toleo jingine, hili litupwe.
Mji wetu husemwa waja leo waondoka leo;
basi mgeni huyu naye ni wa papo hapo,
ila haondoki kabla sijampekua mizigo.

Kwanza nasoma alama zake za utambulisho,
herufi na tarakimu sitini na nne, kidole juu ya kioo,
kama karani wa mkonge anayehesabu robota
asiyelipwa kwa robota wala kwa siku.
Halafu flashi. Halafu kompyuta ya mnada,
ya kampuni iliyofungwa Makorora:
kitufe cha M kimeng'oka, bawaba imefungwa kwa uzi.
Diski yake tupu. Naiacha tupu makusudi.
Kazi yangu ni kupoteza pasipo cha kupotea.

Lugha: Kiswahili. Endelea.
Saa za eneo. Endelea.
Kisha dirisha ambalo jana halikuwepo:
diski yote itafutwa, una uhakika?
Chini yake vitufe viwili,
kulia Futa,
kushoto Futa.

Nikacheka peke yangu, kiganja mdomoni.
Kimoja kilimaanisha: teketeza.
Kingine: basi, nimebadili nia.
Aliyetafsiri si mjinga. Kila neno,
likiwa peke yake kwenye orodha, lilikuwa sahihi.
Hayakuwahi kukutana
hadi usiku huu, jikoni kwangu.

Kicheko kikakatika.
Nilimwona Bi Mwanamkasi wa Chumbageni,
mtunza hazina wa kikoba, wanawake arobaini na mmoja,
hisa zao, mikopo yao, nani kalipa, nani kaapa kulipa,
vyote katika mashine moja aliyoishonea mfuko wa kitenge.
Nilikiona kidole chake chenye hina
kikisita katikati,
kisha kikichagua kwa bismillahi.

Nikaandika:

    Nilichofanya: nimechagua Kiswahili, nimefika hatua ya diski.
    Nilichotarajia: njia ya kurudi nyuma.
    Kilichotokea: milango miwili, kibao kimoja.
    Mara ngapi: saba kati ya saba.
    Pendekezo: Ghairi.

Siku tatu kimya. Kisha jibu la mtu
ambaye kwake ulikuwa mchana, au theluji, sijui:
hitilafu hii kwangu haionekani.
Itaonekanaje? Kwa lugha yake
vitufe vina majina mawili.
Nikapiga picha ya kioo kwa simu,
ikanasa na uso wangu, mtandio wa kulalia,
sufuria za jana nyuma yangu hazijaoshwa.
Nikaituma hivyo hivyo.

Jumanne, saa sita, gigabaiti tatu na ushei tena.
Sitini na nne tena, moja moja.
Lugha. Saa. Diski.
Kulia, Futa.
Kushoto, Ghairi.

Nikakigusa cha kushoto, nikarudi hatua moja.
Nikaja tena, nikakigusa tena, nikarudi tena.
Shekue akasimama mlangoni, msuli begani:
unacheka nini usiku wa manane?
Ghairi, nikamwambia.
Akadhani namfukuza, akarudi kulala.

Uniti mbili zimebaki.
Nikaendelea hadi mwisho, mashine ikawaka upya,
ikanikaribisha kwa mlio mdogo
uliotoka spika ya kulia tu.

    Nilichofanya: