Safu ya K

Fomu ina kurasa sita na haina haya.
Inaniuliza saa nne usiku, mjini Tartu,
theluji ikigonga kioo kama mgeni asiye na haraka:
Utakusanya nini? Kwa muundo gani?
Utakapoondoka, nani atabaki na funguo?

Utakapoondoka. Haikusema ukiondoka.

Naanza na yaliyo mepesi,
kama mtoto anayekula nyama na kukwepa kabichi.
Unene wa barafu, kwa sentimita.
Joto la maji, kila nusu mita.
Nakala tatu: moja kwenye seva ya chuo,
moja kabatini, moja mbali, Tallinn,
ili pakiungua hapa, pale pabaki.
Majina ya faili: mwaka, mwezi, siku, kituo.
Marufuku "mpya". Marufuku "mpya_kabisa".
Marufuku "ya_mwisho_hii_ndiyo",
ambayo ninazo nne, na hakuna mbili zinazofanana.

Kisha kipengele cha tano:
Je, mtu asiyekujua ataweza kuzisoma?

Hapo vidole vinagoma.

Maana nimerithi madaftari ya Kaljo,
thelathini na moja, yananuka samaki na mafuta ya taa.
Tangu mwaka sitini na mbili, kila majira ya baridi,
alitembea juu ya Võrtsjärv akitoboa barafu,
akaandika kwa penseli, kwani wino huganda.
Tarehe. Unene. Upepo. Theluji.
Na safu ya mwisho, herufi moja tu: K.
Chini yake moja, moja, moja, sifuri, moja.

Mwaka mzima K imenikosesha usingizi.
Nilidhani ni külm, baridi; namba zikakataa.
Nilidhani ni Kaljo, siku alizokwenda mwenyewe;
lakini alikwenda zote.
Katika makala yangu ya kwanza niliifuta,
nikaandika kwa ujasiri wa asiyejua:
safu isiyo na maana.

Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa.
Na daftari lililopo, linalokutazama
na kunyamaza?

Jumamosi nikapanda basi mpaka kando ya ziwa,
kwa Helju, mjane wake.
Akanipakulia supu ya njegere, akavaa miwani,
akacheka mpaka akashika meza.

"Koer," akasema. Mbwa.
"Pontu akikanyaga barafu, moja.
Pontu akikaa ukingoni akalia, sifuri.
Siku hiyo Kaljo alitoboa hapo hapo penye matete,
akarudi kunywa kahawa,
hata kama kipimo kilisema barafu inabeba farasi."

Pontu yupi? Miaka thelathini na moja!
"Walikuwa wanne. Jina moja, kwa kuokoa muda."

Akafunua daftari la themanini na saba bila kutafuta.
Tarehe tisa Machi. Sentimita ishirini na nane. Sifuri.
Kisha kurasa tupu za wiki sita.
Kisha mwandiko mwingine, uliopinda, wa kitoto:
wa mkono wa kushoto.
"Mara ile tu hakumsikiliza," akasema,
akaniongezea supu.

Usiku huu najaza kipengele cha tano.

K: mbwa alikubali kukanyaga barafu.
Moja, ndiyo. Sifuri, hapana.
Kipimo kilibadilishwa mara tatu; jina halikubadilishwa.
Chanzo: Helju, kwa mdomo, jikoni kwake.
Safu hii isifutwe.

Limebaki swali la mwisho:
nani atailipia seva baada ya mwaka wa kumi?
Naandika "haijulikani",
neno ambalo, mwaka jana,
ningepaswa kuliandika kwenye K.