Soksi za Mvumaji

Eudosia alipoolewa upande wa kusini,
siku nne kwa basi kutoka kwao,
alibeba chupa nyekundu ya maji ya sukari
akaitundika barazani kwa mama mkwe.

Alfajiri akaja ndege mvumaji.
Si chozi; chozi angetua.
Huyu alikula akining'inia hewani,
uzito wa sarafu, mvumo wa nyuki,
mkiani nyuzi mbili tupu
na ncha ya kila uzi kijisahani cha buluu.
Wa kwetu huyu! akapiga kofi.
Kisha akaona miguu.

Soksi za manyoya, ndiyo, zilezile za kitoto,
ila rangi ya mdalasini.

"Huku matope yamezidi," akasema. "Kwetu huvaa nyeupe."
Hermelinda hakuinua uso kwenye viazi:
"Nyeupe? Nani anamfulia?"

Mtaalamu alipita na kamera na rula,
akalala siku mbili, akamaliza jibini,
akasema huenda ni ndege mmoja, huenda wanne,
wenzake wangali wanabishana
juu ya maiti ndogo zilizopangwa drooni, miguu juu.

Msitu wa mawingu haukuulizwa.
Mvua ikanyesha, ikaacha, ikanyesha.

Mwaka wa tatu Eudosia akajifungua binti.
Hermelinda akaketi na sindano zake
jioni baada ya jioni, amenuna kama kawaida,
akafuma soksi:
ya kushoto nyeupe,
ya kulia mdalasini.

Mvumaji akasimama hewani dirishani,
akatazama,
au alikuwa anatafuta sukari.