Kilo Mbili na Robo

Bwana Jivraj wa Ngamiani, Barabara ya Nane,
ameziegemeza bunduki tatu kwenye kaunta
kama wachumba walioletwa nichague.
Hii ya mitutu miwili, anasema, haijui kufa.
Hii inameza risasi tano bila kupumua.
Ya mwisho anaisukuma kwa kidole tu:
mtutu mmoja, kitako cha mti mwekundu,
"Hii ya kufukuzia kunguru, mama."

Naomba hiyo ya kunguru.

Miaka thelathini na moja nilipokea watoto Muheza.
Mizani ya wodi iliharibika mara nyingi kuliko ilivyopima,
mikono hii ikawa ndiyo mizani.
Naipakata bunduki. Kiganja kimoja chini ya kitako,
kingine shingoni.
Kilo mbili na robo, namwambia.
Anacheka, anaipeleka nyuma ya duka kuipima,
anarudi hana la kusema.
Ingekuwa mtoto ningemwambia mamake:
njiti huyu, mfunge kifuani, asilale peke yake.

Ya marehemu Semhando ilipita kilo tatu na nusu.
Mitutu yake miwili sambamba, kama pua ya nguruwe,
na nguruwe ndio waliotufanya tuwe nayo:
wanashuka toka Mlinga mahindi yakianza kutoa ndevu,
wanalaza ekari nzima usiku mmoja,
wala hawali nusu ya walichovunja.

Usiku ule mtutu wa kwanza ulimpata nguruwe.
Wa pili sijui ulikuwa unatafuta nini.
Kidole kilishazoea kwenda mara mbili
kama mtu anayebisha hodi, hodi,
na ya pili haikungoja kuitikiwa.
Akalia mtu kwenye mahindi.

Singano, kijana wa jirani, naye alikuwa analinda lake.
Marisau kumi na matatu niliyatoa gotini mwake
kwa koleo, kwa taa ya chemli,
kwa mikono ile ile iliyompokea:
kilo tatu na gramu mia, alilia kabla sijamfuta.
Safari hii hakulia tena.
Aliuliza tu, "Shangazi, nguruwe amekufa?"

"Nyepesi hupiga teke," Jivraj ananionya. "Bega lako."
Nimepigwa mateke na wanawake wenye uchungu
tangu hujaota ndevu, baba. Endelea.

"Na ukikosa? Huna ya pili."

Ndiyo.
Nikikosa itanibidi niivunje,
nichomoe ganda la moto,
nipapase mfuko wa koti,
nisukume nyingine, nifunge.
Nimehesabu. Pumzi saba,
kwa vidole vyangu hivi labda tisa.
Ndani ya pumzi saba
mtu anaweza kusema, "Ni mimi."

Muhtasari wa kijiji ninao mkobani, umekunjwa mara nne.
Wajumbe wote walinyoosha mkono upesi, jua lilikuwa kali,
Singano akawa wa mwisho.
Aliunyoosha ameketi, mguu ule umelala mbele yake
usiokunjika.
Hakusema neno. Nami sikumshukuru.
Shukrani ya namna hiyo sikujua huanzia wapi.

Haitoki leo. Kuna polisi wilayani,
kuna picha mbili, alama za vidole,
kuna mwezi, labda miwili, na nguruwe hawasomi kalenda.
Namwambia akate kitako vidole viwili, mkono wangu mfupi.
Ananung'unika kwamba itapoteza sura.
Aikate.

Anaandika jina langu kwenye kikadi,
anakitoboa, anakifunga kwa uzi kwenye kifyatulio,
na mimi, kwa mazoea tu,
nainua macho kuangalia saa ya ukutani.
Saa sita kasoro dakika nane.