Hasara ya Shilingi Mia

Darasa letu liko ghorofa ya tatu, Tudor,
lina feni moja inayofanya kazi na mbili zinazotazama.
Hapo ndipo nilipofundishwa kuwa kila kitu huchakaa
na kuchakaa nako kuna fomula:
bei ya kununulia, toa bei ya kuuzia chuma chakavu,
gawa kwa miaka ya maisha.
Daktari Mghanga alikuwa akiandika, chaki ikamkatikia,
akasema, "Hata hii."

Nikalifikiria karai la mama.
Lilinunuliwa Mwembe Tayari kabla sijazaliwa.
Tulipe miaka kumi ya maisha, kwa ukarimu.
Basi thamani yake vitabuni ni sifuri
tangu nilipokuwa darasa la nne,
na jioni hii, pale Makadara, sifuri hiyo
imekaanga ndoo nzima ya viazi.

Kazi ya muhula: tafuta biashara moja, ikague.
Tunu alichukua hoteli ya mjombake, Nyali.
Shee alichukua duka la simu, lenye kiyoyozi na risiti.
Mimi nilikaa kwenye kibao kando ya jiko,
kalamu mkononi, moshi machoni.
"Mkakati wako ni upi?"
"Wangu?" Akageuza bajia. "Kumaliza kabla haijanyesha."
"Na washindani?"
"Yule Mwanajuma wa kona. Leo kaishiwa na unga,
nimempa kilo."
Nikaandika: ushirikiano na wadau.
Mtoto aliyetumwa viazi vya hamsini
alitiliwa kimoja cha baksa.
Nikaandika: gharama za matangazo.

Viazi, mia sita na hamsini.
Mafuta, mia sita na ishirini.
Unga wa dengu, mia tatu na arubaini.
Makaa, mia na hamsini. Ukwaju na pilipili, tisini.
Ushuru wa kaunti, hamsini, na risiti ipo,
imelowa mafuta hadi unaona upande wa pili.
Jumla, elfu moja mia tisa.
Mauzo, elfu mbili mia saba.
Mia nane! Nikaipigia mistari miwili.
Nilikuwa nishainuka kumwonyesha
nikakumbuka mhadhara wa wiki ya sita:
mwenye biashara asiyejilipa anajidanganya,
iandike kazi yake kama ungemwajiri mgeni.

Kongowea alfajiri, kuchagua na kubishana bei: masaa mawili.
Kumenya, kuchemsha, kuchovya, kukaanga,
kuosha, kuzima jiko: saba.
Tisa, kwa shilingi mia.
Mia nane, toa mia tisa.
Nikarudia kwenye simu. Simu nayo ikasema yale yale.
Kila jioni, miaka ishirini na mbili,
mama yangu hupata hasara ya shilingi mia,
na hasara hiyo ndiyo iliyonilipia ada
nije kufundishwa kuiona.

Goti lake la kushoto sikujua niliweke safu gani.
Halikununuliwa. Halina bei ya chuma chakavu.
Alfajiri hulipaka mafuta ya karafuu,
hulikaripia kidogo, kama mtoto mvivu wa shule,
nalo huamka.

"Kwani wewe, mama, hujilipa ngapi?"
Alicheka hadi akaweka upawa chini.
"Nijilipe? Nijiandikie hundi, nijipeleke benki,
nipange foleni nyuma yangu mwenyewe?"
Mteja akaita. Akaokota upawa.

Ile safu niliiacha tupu.
Kalamu nyekundu iliikuta, ikaizungushia duara:
Mshahara wa mwenye biashara?
Chini ya ukurasa: sitini na moja.

"Umepata ngapi?"
"Sitini na moja."
"Kwa ngapi?"
"Kwa mia."
Alimimina unga, akaukoroga, akauonja chumvi
kwa ncha ya kidole, taratibu,
kama mtu mwenye hesabu kichwani.
"Na hizo thelathini na tisa," akauliza, "kala nani?"