Kitanda cha Bi Mize

Makunduchi kwetu chini ni jiwe;
jembe halishuki, larudi na cheche.

Nikakitoa uani kitanda cha marehemu mama,
nikakiwamba upya, kamba mbili mbili,
nikakizungushia mbao za masanduku,
nikakitandika gunia,
udongo ndoo kumi na saba, wa kuomba kwa Makame,
na samadi ya mbuzi.

Kotimiri haitaki makeke.
Mbegu nilizipasua kwa chupa, nikazilaza majini,
nikaziezekea kuti moja.
Kuku wanaizunguka miguu minne,
wanatazama juu.

Leo imechomoza,
nyembamba kama nyusi za kichanga.
Naimwagia kwa kata, tone kwa tone,
kama nilivyokuwa nikimnywesha uji
kitandani hapa hapa,
upande huu wa kichwani.